Mama anasema wifi kamlalia mwanawe, na mimi ndiye nesi niliyemzalisha

Bi Mkunga, assalaamu alaykum.

Mimi ni nesi wa wodi ya wazazi hapa Pemba, huu mwaka wangu wa nne kazini. Nakuandikia kwa sababu nyumbani sina wa kumwambia, na kazini naona haya.

Mke wa kaka yangu alijifungulia kwenye wodi yangu, zamu ikiwa yangu. Mtoto wa kiume, kilo tatu kasoro kidogo, akalia vizuri, akanyonya saa ileile ya kwanza. Nilimfuta nikamlaza ubavu, nikakunja kanga nikaisukumiza nyuma ya mgongo wake asibiruke, kama nilivyowakuta wakubwa zangu wakifanya. Kesho yake alipokuwa anaruhusiwa nilimweleza wifi habari ya kitovu, ya kunyonyesha bila kuchanganya kitu, dalili za hatari na tarehe ya kliniki. Namna ya kumlaza mtoto sikusema neno. Haikunijia hata akilini.

Mtoto alifariki usingizini akiwa na wiki kumi na moja. Siku tano nyuma alikuwa amepata sindano ya wiki ya kumi. Usiku ule alilia sana, tumbo limejaa. Mama yangu akaamka, akamkanda kwa mafuta ya nazi, kisha akamlaza kifudifudi juu ya mto wa sufi, palepale ubavuni kwa wifi, akamfunika shuka. Mtoto akanyamaza, mama akarudi chumbani kwake. Alfajiri wifi akaamka amnyonyeshe, akamkuta palepale juu ya mto, kapoa. Adhuhuri haikutukuta, tulikuwa tushamzika.

Habari ya mto nimeipata kwa wifi mwenyewe, tena kwa kunong'ona. Mbele za watu mama anasema wifi ana usingizi mzito, kamlalia mwanawe. Kaka yuko kimya. Shangazi yangu anasema ni sindano, na kuna jirani anayesema jicho. Wifi amerudi kwao, leo siku ya kumi na mbili. Nilikwenda mara moja tu. Nguo yake kifuani ilikuwa imelowa maziwa na sikuweza kumtazama.

Sasa mdogo wangu ana mimba ya miezi saba, ni uzazi wake wa kwanza, na kama ilivyo ada yetu atakuja kujifungulia kwa mama na kukaa arubaini hapohapo. Juzi nimeukuta ule mto umeanikwa juani.

Nikisema jinsi mtoto alivyolazwa, nitakuwa nimemwambia mama yangu mzazi kuwa kamuua mjukuu wake. Nikinyamaza, wifi ataubeba mzigo huo mpaka kaburini. Na mimi je? Nesi mwingine angefanya nini ambacho mimi sikufanya? Siku ile nilipokuwa natoka, wifi aliniuliza: "Angelala chali, angekuwa hai?" Sikumjibu.

Nesi, Wilaya ya Micheweni

*

Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Mwenyezi Mungu amfanye mtoto huyo kitangulizi chema kwa wazazi wake, na awape nyote subira.

Naanza na maziwa ya wifi yako, kwa sababu hayo hayangoji. Rudi kwao leo au kesho. Mwambie akamue kidogo tu, kiasi cha kupunguza mkazo, asiyamalize, maana kifua kikikamuliwa kikaisha hutengeneza mengine. Aweke kitambaa cha maji baridi, avae sidiria inayomshika vizuri, na kama bibi yeyote kamfunga kanga ya kifuani kwa nguvu, ifungue. Parasetamoli inafaa kwa maumivu. Akiona wekundu upande mmoja, joto na homa, aende hospitali siku hiyohiyo. Haya unayajua yote, ulijifunza skuli. Mzazi aliyefiwa huondoka kwenye daftari letu siku mtoto anapozikwa, na mwili wake haujui kuwa mtoto hayupo. Huyo bado ni mgonjwa wako.

Sasa hilo neno la kumlalia.

Kwa uliyoniandikia, mtoto alikutwa juu ya mto aliolazwa, si chini ya mwili wa mama yake. Hakuna mtu aliyeona wifi kamlalia. Hilo ni neno linalotoka kinywani kwa sababu watu hawawezi kuvumilia kifo kisicho na mwenyewe, na aliye karibu zaidi na mtoto ndiye anayepewa. Nimewaona wanawake wakiishi na neno hilo miaka thelathini. Wengine waliachwa kwa sababu yake.

Wataalamu wana jina la kifo cha namna hii, wamelitumia tangu 1969: kifo cha ghafla cha mtoto mchanga. Lakini jina hilo lina masharti. Mtoto awe chini ya mwaka mmoja, afe bila kutarajiwa, na sababu isipatikane hata baada ya kupasua na kuchunguza maiti, kukagua mahali alipolala na kuuliza maradhi yake yote ya nyuma. Sisi tunazika mapema na hatupasui. Kwa hiyo hata jina hilo hatuwezi kumpa mtoto wenu kwa yakini. Huenda alikuwa na moyo mbovu, huenda kichomi kilikuwa kinaanza. Na kama daktari hawezi kusema, basi jirani hawezi, na mama yako hawezi. Hata wewe huwezi kusema kuwa ni mto.

Tunachokijua ni namna hatari inavyokutana. Mtoto aliyelala kifudifudi, uso kwenye kitu laini, huvuta tena hewa aliyokwisha kuitoa. Watoto wengi hapo hushtuka, hugeuza kichwa, hulia. Wachache hawashtuki, kwa sababu ile sehemu ya chini ya ubongo inayoamsha mwili haijakomaa sawasawa. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliliweka jambo hili kama makutano ya vitu vitatu: udhaifu uliojificha ndani ya mtoto, umri wake, na kitu cha nje kinachomsukuma. Umri mbaya zaidi ni miezi miwili hadi minne, na kati ya vifo hivi kumi, tisa hivi hutokea kabla ya miezi sita. Udhaifu wa ndani hauonekani kwenye mizani ya kliniki, wala umri hatuwezi kuuruka. Kilicho mikononi mwetu ni hicho cha nje tu: mlalo, mto, joto la kupita kiasi, moshi wa sigara.

Na hapo ndipo manesi walipokuja kufanya kazi kubwa, baada ya kwanza kukosea. Ni vyema uijue habari hii, kwa sababu haikuanza na kanga yako.

Miaka ya 1970 kule Uholanzi wazazi walishauriwa na watu wa afya wenyewe wawalaze watoto kifudifudi. Vifo vikapanda. Mwaka 1987 ushauri ukageuzwa, vikashuka. New Zealand ilifanya uchunguzi mkubwa mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980, Uingereza ikaanza kampeni yake mwishoni mwa 1991, Marekani ikafuata 1994. Marekani mwaka 1992 kifo hiki kiliwachukua watoto 1.2 hivi katika kila 1,000 waliozaliwa hai. Miaka kumi baadaye kilikuwa kimepungua zaidi ya nusu. Hakuna dawa iliyogunduliwa, hakuna mashine iliyonunuliwa. Waliambiwa wazazi: mlaze chali. Na waliowaambia, wodini na majumbani, wengi wao walikuwa manesi na wakunga.

Ule ubavu wako nao una historia. Mwaka 1992 madaktari wa watoto wa Marekani walisema chali au ubavu, vyote viwili vinafaa. Mwaka 2000 wakasema chali ni bora. Ilipofika 2005 wakauondoa ubavu kabisa, kwa sababu mtoto wa ubavu hupinduka akaangukia tumbo. Wakubwa zako wa wodi walikufundisha walichofundishwa, na hiyo kanga ya nyuma ya mgongo nimeikunja na mimi, mara zisizo idadi, nikiamini namkinga mtoto asipaliwe. Kwa hiyo unaponiuliza kama ni kosa lako, nakujibu kwamba ulimpa mtoto wa kaka yako kile ulichokuwa nacho. Kuanzia leo una zaidi, na kwa hicho utaulizwa.

Hofu ya kupaliwa lazima uiweze, maana ndiyo itakayokujia kila siku. Mtoto akilala chali, njia ya pumzi iko juu na njia ya chakula iko chini yake. Akicheua, maziwa yangelazimika kupanda ndiyo yaingie kwenye pumzi, hivyo humezwa au hutoka pembeni mwa mdomo. Akilala kifudifudi mambo hugeuka, njia ya pumzi ndiyo inayokuwa chini. Wachoree kwa vidole viwili, kimoja juu ya kingine, kisha ugeuze mkono. Bibi asiyejua kusoma ataona.

Wodini, mwanangu, mzazi anatazama mikono yako kuliko anavyosikiliza maneno yako. Ukimwambia "mlaze chali" huku wewe umemlaza mtoto ubavu, atakwenda nyumbani na ubavu. Anza usiku wa leo: chali, mahali tambarare, bila kanga ya kukunja, bila mto, uso wazi. Na unapomweka useme kwa sauti unachofanya. Ule muda wa ngozi kwa ngozi baada ya kuzaa usiufute, una kheri nyingi, ila zile saa mbili za mwanzo usimwache mzazi aliyechoka peke yake na mtoto kifuani. Pita, tazama pua na mdomo viko wazi, shingo haikukunjika, rangi ni nzuri. Mama akisinzia, mwondoe mtoto au mweke ndugu aliye macho akae naye.

Watoto njiti, waliozaliwa kabla ya wakati, nao wana jambo lao. Wodini huenda ukamlaza kifudifudi ili apumue vizuri, na wewe upo unamwangalia. Mama yake ameliona hilo wiki tatu, atalirudia nyumbani ambako hakuna nesi. Mzoeze chali mapema kabla hajaruhusiwa, na umweleze mama kwa nini umebadilisha. Kumbeba kifuani kwa kanga, mama akiwa ameegemea, ni jambo jingine, hilo aendelee nalo.

Lakini ningekuwa na jambo moja tu la kukwambia katika barua hii nzima, lingekuwa hili: uliongea na mtu asiye na amri. Mzazi wa arubaini kwetu hapa halazi mtoto anavyotaka. Anakogeshwa, anakandwa, anaambiwa ale nini, na mtoto akilia usiku anachukuliwa na mama au mavyaa. Ukimweleza mzazi peke yake, umemtwika ugomvi asioweza kuushinda. Siku ya kuruhusiwa uliza: usiku nani atakuwa naye? Huyo mwite. Mpe kiti. Mweleze yeye, kwa heshima, na mzazi akisikia. Na wale wahudumu wa afya wa jamii wanaopita majumbani chini ya mpango wa Jamii ni Afya, waombe na wao wamtafute bibi wa nyumba.

Kisha liulize tena kliniki. Sindano za wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne zinaangukia ndani au pembeni kabisa ya ule umri mbaya. Mara tatu Mungu anakuletea mtoto huyo mezani kwako. Wakati unampima, uliza: usiku analalaje, juu ya nini, pamoja na nani? Maswali matatu, nusu dakika.

Hapo pia ndipo lilipo jibu la shangazi yako. Kifo hiki na sindano vinakutana kwa sababu vyote viwili ni vya umri mmoja. Mtoto wa miezi miwili na nusu akifa ghafla siku yoyote ile, karibu kila mara atakuwa na sindano ya siku au wiki chache nyuma. Jambo hili limechunguzwa sana nchi nyingi, na sindano haikuonekana kuwa sababu. Waliochanjwa hata wameonekana kupatwa na kifo hiki kwa uchache zaidi kuliko wasiochanjwa. Shangazi umjibu kwa upole, ila mjibu, kwa sababu akiachwa na neno lake mtoto wa mdogo wako huenda akakosa chanjo, na anaweza kufa kwa kifaduro au surua.

Usije ukarudi nyumbani ukawaambia watu wanunue kitanda cha mtoto. Nyumba nyingi mama na mtoto wanalala kitanda kimoja, chandarua kimoja, na hivyo ndivyo mtoto anavyonyonya usiku bila tabu. Kunyonya kwenyewe ni kinga, watoto wanaonyonya hatari yao ni ndogo karibu kwa nusu. Salama zaidi ni mtoto awe na mahali pake, kigodoro kigumu kando ya kitanda cha mama, chumba kimoja, na chandarua kimezungushiwa vizuri kisimwangukie usoni. Kwa njiti, au aliyezaliwa chini ya kilo mbili na nusu, au kama baba anavuta sigara, hapo shikilia neno lako, asilale kitanda kimoja na watu wakubwa miezi hiyo ya mwanzo. Wakilala pamoja hata hivyo, basi mtoto chali, mito mbali, shuka la mama lisimfike kichwani, kaka zake wadogo wasilale ubavuni mwake, na mama asiwe amekunywa dawa ya usingizi. Na mama asisinzie naye kwenye kochi, hapo ni pabaya kuliko kitandani.

Joto wengi hawalifikirii. Kaskazi inapiga, jasho linatutoka sisi, na mtoto kavishwa kofia ya sufu, soksi na blanketi. Kofia ni ya saa za mwanzo baada ya kuzaliwa na ya njiti. Mguse shingoni na kifuani, si viganjani, pakiwa na jasho mpunguzie nguo. Chetezo cha udi kipitishwe chumbani kabla mtoto hajaingia. Mvuje na wanja sikukutumi ukavipigie vita, utapoteza masikio ya watu kwa jambo dogo.

Watakwambia kisogo kitabapa. Kweli, kinaweza kubapa kidogo, na hurudi mtoto anapoanza kukaa. Mgeuzie kichwa upande huu leo, upande ule kesho, na mchana akiwa macho, wewe upo, mlaze tumbo acheze. Akifika umri wa kujipindua mwenyewe huku na huku, unamlaza chali kisha unamwacha achague.

Nimeuchelewesha mlango wa mama yako kwa kuwa ndio mgumu.

Usimwambie kuwa ni yeye. Si kwa kumficha. Ni kwa kuwa hujui, kama ambavyo yeye hajui kuwa ni wifi yako. Na nadhani, mwanangu, mama yako anakumbuka mto ule kuliko nyinyi wote. Mtu anayepaza sauti mbele ya majirani hivyo mara nyingi kuna jambo anakimbia kulisikia. Mwanika mto huenda hajalala siku kumi na mbili.

Mwendee peke yake, baada ya alasiri hivi, mikono yenu ikiwa na kazi, mnachambua mchele au karafuu. Anza na lako. Mwambie: "Mama, mimi nilimlaza ubavu wodini, nilivyofundishwa. Kumbe mafunzo yamebadilika, inatakiwa chali. Sikumwambia wifi, wala sikukwambia wewe. Sisi sote tulifanya tulichokijua." Hapo nyamaza. Akilia, mwache alie. Akisema habari ya mto mwenyewe, usimkatize wala usimhukumu, mweleze kwamba hakuna daktari awezaye kusema ni nini kilichomchukua mtoto. Lakini usiinuke hapo kabla hujamwomba jambo moja kwa wazi: neno la kumlalia lisitoke tena kinywani mwake, na aende kwa wifi akampe mkono. Kaka yako naye amfuate mkewe. Kimya chake kwa mwanamke aliyefiwa ni ushahidi dhidi yake, hata kama yeye hakukusudia hivyo.

Habari ya mdogo wako iache wiki mbili tatu, kisha mwombe mama akusaidie kutengeneza kigodoro cha mtoto. Kigumu, kilichojazwa kikabana, cha kipimo cha mtoto, bila mto. Mama zetu wakipewa kazi ya mikono husikia zaidi kuliko wakipewa mawaidha. Mto wa sufi akitaka kuuweka kwa ajili yake, auweke. Usimchomee.

Na lile swali la wifi. Utakapokwenda kumtazama kifua, mjibu, usimngoje aulize mara ya pili, huenda asiulize. Mwambie: "Sijui. Hakuna daktari anayejua. Kulala chali kunapunguza hatari, hakuiondoi, wako watoto waliolala chali nao wakafa. Wewe hukumlalia. Na mimi nilikuwa na wajibu wa kukwambia namna ya kumlaza, sikukwambia, naomba unisamehe." Sema yote, kwa mpangilio huo. Kisha kaa naye, usitafute sababu ya kuondoka.